Mpira wa polepole, mpigaji hoi: Jamie Moyer alivyowashinda vijana akiwa na miaka 49

Kuna klipu imezunguka sana wiki hii kwenye kijiwe chetu cha kahawa hapa Ngamiani, ya dakika mbili tu, inaonyesha mzee mmoja wa Kimarekani wa mkono wa kushoto amesimama kwenye kilima kidogo cha udongo anarusha mpira wa besiboli, na mbele yake kijana mwenye mabega kama mlango anazungusha rungu mpaka kofia inataka kumtoka na mpira hajaugusa. Kilichowachanganya watu sio kule kukosa, ni mpira wenyewe, unaonekana kabisa unakuja, tena taratibu. Mmoja akasema mechi imeuzwa hiyo. Mwingine akasema hao wapigaji watakuwa wa daraja la tatu huko. Na kijana wetu anayeuza vocha ndo akauliza swali lililonifanya nikae chini niandike: "Mbona mpira wenyewe unaenda kama wa rede?"

Jamaa wa kwenye klipu anaitwa Jamie Moyer. Siku ile ilikuwa tarehe 17 Aprili 2012, alikuwa na miaka 49 na miezi karibu mitano, na aliposhinda akawa mrushaji mwenye umri mkubwa kuliko wote kuwahi kushinda mechi kwenye ligi kuu ya Marekani. Mechi haikuuzwa, na wapigaji walikuwa wa ligi kuu kweli kweli, San Diego Padres. Mpira wake uliokwenda kasi kuliko yote siku hiyo haukufika maili 80 kwa saa, yaani kama kilomita 129, kwenye ligi ambayo vijana wanapita maili 90 bila kutoka jasho na siku hizi wastani wao umeshavuka 93. Kwa hiyo swali la kijana wetu ni la haki kabisa. Na hilo la rede ni zuri kuliko yeye mwenyewe alivyodhani, nitalirudia.

Tuanze na mchezo wenyewe kwa wale ambao hawajawahi kuukalia. Besiboli kuna mrushaji na mpigaji, hawa wawili ndo mzozo wenyewe, wengine wote uwanjani wanasubiri kitakachotokea kati yao. Mrushaji anasimama mita 18.4 kutoka alipo mpigaji, juu ya kilima cha sentimita 25. Kwenye miguu ya mpigaji kuna kibao cheupe kimewekwa chini, upana wake sentimita 43, na mrushaji anatakiwa apitishe mpira juu ya kibao hicho, usishuke chini ya magoti ya mpigaji wala usivuke kifua. Hilo eneo la hewani ndo dirisha lake. Ukipita dirishani na mpigaji asipige, au akipiga akakosa, inahesabiwa straiki, straiki tatu mpigaji anatoka. Ukipita nje ya dirisha na mpigaji akauacha, ni kosa la mrushaji, makosa manne mpigaji anapewa besi ya kwanza bure (besi ni vituo vinne vya kuzunguka uwanjani, mtu akivimaliza vyote timu yake inapata pointi). Na mpigaji akiugonga mpira, watu wanane wa timu ya mrushaji wapo tayari kuudaka au kuuokota. Mechi ina awamu 9, na timu ikishinda, ushindi unaandikwa pia kwa jina la mrushaji mmoja, ndo maana utasikia fulani ana ushindi 200 utadhani alicheza peke yake.

Kingine cha kujua ni kwamba mpigaji mzuri sana, wa kulipwa mamilioni, anafaulu kama mara 3 kati ya 10. Saba zote anarudi kukaa kwenye benchi. Ni kazi ngumu mno hata mpira ukiwa wa kawaida, na ugumu wake wote uko kwenye muda.

Mpira wa maili 95 kwa saa unafika kwa mpigaji kwa sekunde 0.4 hivi. Wa maili 80 unachukua karibu sekunde 0.5. Ukiangalia kwenye simu ukiwa na kikombe cha kahawa mkononi unaona ule wa pili ni wa kitoto, lakini simama pale wewe, nusu sekunde ni kidogo sana, hujamaliza hata kusema "moja". Afu kwenye hiyo nusu sekunde toa muda wa kuzungusha rungu lenyewe, ambao ni kama sekunde 0.15. Kilichobaki ndo muda wa kuona, kuamua na kuanza. Maana yake mpigaji anaamua wakati mpira ndo kwanza umefika katikati ya safari, na rungu likishaanza kuzunguka huwezi kulirudisha ukasema subiri kidogo nimekosea hesabu.

Kwa hiyo mpigaji hafuati mpira kwa macho mpaka mwisho afu akapiga, hakuna binadamu anayeweza hivyo. Anakisia. Anaangalia mkono wa mrushaji, anaangalia mpira unavyotoka vidoleni, ubongo wake unapiga hesabu kwamba kitu hiki kitafika pale baada ya muda huu, anatuma rungu likakutane nacho. Ni kama kudandia daladala linalotembea. Huangalii mlango ulipo sasa hivi, unaangalia utakapokuwa ukishanyanyua mguu, na miguu yako inajua hesabu hiyo yenyewe bila wewe kufikiri. Sasa tuseme dereva amekanyaga breki kidogo tu wakati mguu wako uko hewani. Gari limekuwa polepole zaidi, kwa akili ya kawaida ingekuwa rahisi zaidi kulidandia, lakini wewe umeshatoa mguu na mguu umekanyaga hewa.

Hapo ndo besiboli yote ya Moyer ilipo.

Na hapo ndo rede inapoingia. Waliokulia uswahilini wanaijua, wawili wanarusha mpira wa soksi huku na huku, mmoja yuko katikati anajaza mchanga kwenye chupa na kukwepa, ukiguswa umetoka. Wakenya wanaita kati. Dada yangu mkubwa alikuwa kiboko ya mtaa mzima na hakuwa na nguvu hata kidogo, kulikuwa na wasichana wanarusha mpaka mpira unalia, hao tulikuwa tunawakwepa. Dada alikuwa anaupeleka mkono wote nyuma, uso umekunja, bega limezunguka kabisa, mtu unaruka juu kwa hofu, kumbe mpira umetoka taratibu na unakusubiri chini utue juu yake. Juzi nilimpigia simu kumuuliza alikuwa anafanyaje, maana sikuwahi kumuuliza miaka yote hiyo, akacheka akaniambia, "Mdogo wangu, mimi usoni nilikuwa siwatazami. Nilikuwa natazama visigino vyenu."

Mpira wa dada kwenye besiboli una jina, unaitwa chenjapu, na ndo uliomweka mjini Jamie Moyer. Mrushaji anautupa kwa mkono ule ule, kwa mwendo ule ule, bega lile lile, kama anaachia mpira wa kasi. Kinachobadilika ni ushikaji. Mpira wa kasi unashikwa kwa ncha za vidole viwili juu ya mshono, vidole ndo vinausukuma mwishoni kama manati. Chenjapu unazamishwa ndani kiganjani, vidole vingi vimeukumbatia, nguvu inapotea kwenye nyama ya mkono na mpira unatoka umechoka ingawa mkono umekuja na hasira zake zote. Mpigaji anaona mkono, mkono unamwambia maili 80, mpira unakuja na maili 70.

Maili kumi ni nini? Fanya hesabu kidogo na mimi hapa maana ndo inafungua kila kitu. Tofauti ya muda kati ya mpira wa maili 80 na wa maili 70 kufika kwa mpigaji ni kama sekunde 0.07. Ncha ya rungu la mchezaji wa ligi kuu inakwenda kama maili 70 kwa saa, kwa hiyo ndani ya hizo sekunde 0.07 ncha hiyo inatembea zaidi ya mita mbili. Mita mbili! Rungu limeshapita, limeshazunguka mpaka begani, mpira ndo unaingia. Na ili ugonge mpira ukaingia uwanjani vizuri unatakiwa usikosee zaidi ya kama mia moja ya sekunde. Kwa hiyo mrushaji hahitaji kumpoteza mpigaji sana, akimpoteza kidogo tu inatosha.

Warren Spahn, mrushaji mwingine wa mkono wa kushoto wa zamani aliyeshinda mechi 363, aliwahi kusema maneno ambayo kila kocha wa besiboli anayarudia mpaka leo, kwamba kupiga ni muda, na kurusha ni kuuvuruga huo muda. Na sio maneno ya mtu wa pembeni. Spahn mwaka 1960 alicheza mechi nzima bila mpigaji hata mmoja kufaulu kupata mpigo, akiwa na miaka 39, akarudia tena Aprili 1961 siku tano baada ya kutimiza 40, na mwaka 1963 akiwa na 42 alishinda mechi 23.

Sasa watu wengi wakishaelewa kuhusu kasi wanaishia hapo, wanadhani siri ni kuchanganya wa haraka na wa taratibu basi. Hapana, hiyo ni nusu, tena kwa maoni yangu ni nusu ndogo. Mtu anayerusha maili 80 akauweka mpira katikati ya lile dirisha atapigwa mpaka mpira upotee mtaa wa pili, hata aubadilishe kasi namna gani. Kijana wa maili 98 akikosea akauweka katikati, kasi inamwombea msamaha mara nyingi. Moyer hakuwa na wa kumwombea. Ilibidi kila mpira uguse ukingo wa dirisha, kona ya chini ya nje, ndani karibu na vidole vya mpigaji, wakati mwingine sentimita tano nje ya dirisha kabisa ili mpigaji aufuate kwa tamaa. Kibao cha sentimita 43 kwake kilikuwa kama hakina katikati, kina kingo mbili tu.

Na hapa ndo ile klipu inapotosha kidogo. Klipu zinaonyesha watu wanakosa kwa sababu kukosa kunachekesha na kunapendeza machoni, lakini mipira mingi ya Moyer iligongwa. Ndiyo, aligongwa, na alitaka agongwe, ila vibaya. Ukigonga mpira kwa ncha kabisa ya rungu au karibu na mkono, unakwenda juu kama embe lililotunguliwa au unaviringika chini mpaka kwa mtu amesimama anausubiri. Wale wanane nyuma yake walikuwa kwenye kazi siku nzima. Watu wa kasi wanawaondoa wapigaji peke yao, Moyer aliwaondoa akiwa na kijiji.

Mpangilio wa mipira nao ni somo lake lenyewe. Mpira mmoja unaandaa mwingine. Ukimrushia mtu wa ndani unaomkaribia mbavu, mpira ujao mwili wake unajiinamisha nyuma kidogo bila yeye kutaka, ndo unampa wa nje kabisa taratibu, mkono haufiki. Ukimwonyesha kevu (mpira unaopinda njiani) ya maili 68 ikashuka kama imekatiwa kamba, ule wa maili 80 unaofuata kwake unaonekana kama 90, hapo hujaongeza kitu, umemharibia kipimo. Warushaji wa aina hii wanasoma miguu ya mpigaji, amesogea mbele, amesogea nyuma, kisigino kimenyanyuka mapema, kila kitu kinasema anasubiri mpira gani. Nilipomsikia dada anataja visigino nilinyamaza kwenye simu kidogo. Mwanamke hajawahi kuona mechi ya besiboli maishani mwake.

Ngoja niseme kuhusu mtu mwenyewe sasa, kwa sababu maisha yake ndo yanajibu uvumi mwingi.

Moyer alizaliwa Novemba 1962 Pennsylvania. Mwaka 1980 akiwa mwanafunzi wa miaka 17 alitoroka shule kwenda kuangalia timu ya nyumbani, Philadelphia Phillies, ikipita barabarani na kombe. Aliingia ligi kuu Juni 1986 na Chicago Cubs na mechi yake ya kwanza akamshinda Steve Carlton, ambaye alikuwa shujaa wake wa utotoni. Hadithi nzuri, ungedhani itaendelea hivyo. Haikuendelea. Mpaka mwisho wa 1991 alikuwa ameshinda mechi 34 na kupoteza 54, amepita timu tatu, na mwaka 1992 hakurusha mpira hata mmoja ligi kuu. Cubs wakamwambia wana kazi ya ukocha kama anataka. Ana miaka 29, kasi hana, hana timu, wanampa njia ya heshima ya kustaafu.

Akakataa, akaenda ligi ndogo.

Ushindi wa Moyer wote kwa jumla ni 269. Toa ule 34. Mechi 235 alizishinda baada ya watu kumwambia achukue filimbi akafundishe. Alirudi na Baltimore mwaka 1993, akapita Boston, katikati ya 1996 akaenda Seattle, na huko Seattle mwaka 2001 alishinda mechi 20, mwaka 2003 akiwa na miaka 40 akashinda 21, ndo mwaka wake bora kuliko yote. Baada ya kutimiza miaka 40 peke yake alishinda mechi 105. Kuna warushaji wazuri tu wamestaafu na jina lao bila kufika 105 maisha yao yote.

Kwa hiyo ule uvumi kwamba alikuwa moto ujanani, kasi ikaisha, uzeeni akalazimika kutumia akili, kwake sio kweli. Kasi ya kutisha hakuwahi kuwa nayo. Alilazimika kujifunza ufundi mapema kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kula, na ufundi ndo kitu ambacho miaka haikuweza kumnyang'anya haraka. Wenzake waliokuwa na kasi walipoipoteza wakiwa na miaka 33 au 34 walianza kujifunza upya wakati yeye amesharusha hivyo miaka kumi. Lakini tusiende upande wa pili tukasema kasi haidumu kwa yeyote, maana Nolan Ryan alirusha mpira wa moto mpaka akiwa na miaka 46. Ila watu kama Ryan hawafundishiki, unazaliwa hivyo au huzaliwi, wakati chenjapu mtu anaweza kukuonyesha ushikaji wake leo jioni.

Kingine ninachosikia ni kwamba mambo haya ya akili hayahitaji mwili, mzee anasimama tu pale anawachezea vijana. Jamani. Kuuweka mpira ukingoni mara 90 kwenye mechi moja, na ule wa 90 uende pale pale ulipokwenda wa kwanza, kunataka miguu na mgongo na bega lisilotikisika. Mwaka 2010 mwezi Mei, akiwa na miaka 47, aliwanyima pointi Atlanta Braves mechi nzima, awamu zote 9, wakapata mipigo miwili tu, akawa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote kufanya hivyo. Mwaka huo huo kiwiko kikamwachia. Desemba akafanyiwa ule upasuaji wa kuweka kano nyingine kwenye kiwiko, unaoitwa kwa jina la Tommy John, mrushaji wa kwanza kufanyiwa, mwaka 1974. Moyer alikuwa na miaka 48. Mwaka wote wa 2011 hakucheza, alikuwa anajifunza kurusha upya hatua kwa hatua, mita chache, mita chache zaidi, kwa ajili ya kazi ambayo hakuna timu iliyokuwa imemwahidi. Mimi ninapofikiria mtu huyu sifikirii sana ile klipu, nafikiria mwaka huo 2011 ambao hakuna klipu yake.

Na tuwe wakweli kuhusu gharama. Moyer ndo mrushaji aliyepigwa mipira mingi zaidi ikavuka uzio kuliko wote kwenye historia ya ligi hiyo, mara 522. Ukiishi kwenye ukingo wa sentimita chache, siku unayokosea unalipa papo hapo, na mtu akirusha misimu 25 anakosea mara nyingi. Kuna watu wanatumia namba hiyo kumshusha. Mimi naiona tofauti, kupigwa mara 522 maana yake mara 522 alipewa mpira mwingine akasimama tena kwenye kilima akarusha polepole vile vile.

Watu wa huku wakisema hii besiboli ni mambo ya mbali huwa nawakumbusha Durban, tarehe 15 Machi 2003, Kombe la Dunia la kriketi, Kenya na Australia. Kriketi sio besiboli, mpira unadunda kwanza, lakini suala ni lile lile la mpigaji kukisia muda. Mechi hiyo hiyo Brett Lee wa Australia, mmoja wa watu wenye kasi kuliko wote duniani, aliwatoa Wakenya watatu mfululizo kwa mipira mitatu. Hiyo ni kasi, na inatisha. Afu jioni Kenya wakampa mpira Aasif Karim, mtu wa Mombasa, miaka 39, ambaye alikuwa ameshastaafu akarudishwa kwa ajili ya mashindano hayo. Mkono wa kushoto, taratibu kabisa, anauzungusha kwa vidole. Alirusha mipira 50 kwa mabingwa wa dunia, wakapata pointi 7 tu, akawatoa watatu, wa kwanza wao Ricky Ponting nahodha wao. Australia walishinda mechi lakini mchezaji bora wa siku akawa Karim. Watu wanaokumbuka wanasema Waaustralia walikuwa wanacheza kama watu waliofika stendi mapema, wamesimama wanasubiri gari.

Na kwenye besiboli yenyewe majirani zetu hawako mbali. Mwaka huo huo wa 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, jimbo lile lile la Pennsylvania alikozaliwa Moyer.

Turudi kwenye mechi ya klipu, Denver, tarehe 17 Aprili 2012. Timu yake ilikuwa Colorado Rockies, na uwanja wao uko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Iringa. Hewa ya huko ni nyepesi, mpira ukipigwa unakwenda mbali zaidi, na mbaya zaidi kwa mrushaji, mpira hauna hewa ya kutosha ya kujisukuma nayo ili ukate kona au ushuke. Ni uwanja ambao warushaji vijana wanauogopa. Mzee wa miaka 49 mwenye kiwiko cha kushonwa na mpira wa maili 79 alikaa awamu 7 pale, Padres wakapata kwake pointi mbili ambazo zote zilitokana na makosa ya wenzake uwanjani, Rockies wakashinda 5 kwa 3. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Jack Quinn ya mwaka 1932. Ilikaa miaka 80.

Hayo ndo ya kwenye klipu. Lakini naona watu wanaigawa na maandishi kwamba hiyo ndo rekodi mpaka leo, na sivyo, maana aliivunja mwenyewe. Rockies walimwacha kabla Juni haijafika, mambo yalikuwa yameanza kumwendea vibaya, akajaribu kidogo ligi ndogo afu ikawa basi. Kabla ya hapo lakini, tarehe 16 Mei, alicheza na Arizona na akashinda tena, akawa mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote kwa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja. Na wakati ule kwenye timu kama Rockies mrushaji naye alikuwa anapanga foleni kushika rungu kama wengine. Ikafika zamu yake, wenzake wawili wako kwenye besi. Akapiga mpira dhaifu kabisa, ukaviringika ndani ya uwanja hata nyasi za mbali haukufika, aina ile ile ya mpigo aliyowalazimisha wengine wapige kwa misimu 25, na wote wawili wakaingia, pointi mbili kwa jina lake, mtu mzee kuliko wote kuwahi kuingiza pointi kwenye ligi hiyo.

Itafute hiyo nayo. Usiangalie mpira, angalia miguu yake anavyokimbilia besi ya kwanza.